Mpiga Upinde Aliyetoweka Ndani ya Neno

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa bado mchanga katika kazi ya kufasiri nyaraka mjini Kigoma, mzee mmoja aliingia ofisini kwangu akiwa ameshika bahasha ya kaki kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba sahani iliyojaa mchuzi. Ndani ya bahasha mlikuwa na ripoti ya hospitali, kurasa mbili za Kifaransa zilizopigwa chapa na kugongwa muhuri, kutoka ng'ambo ya ziwa. Mwanawe wa tatu, fundi mwashi, alikuwa amevuka kwenda Uvira, Kongo, pamoja na mkandarasi wa huku kwetu, na siku moja mchana alianguka kazini, akalazwa siku nne, kisha akarudishwa nyumbani akiwa amedhoofika. Mkandarasi alikataa kumlipa siku hizo nne mpaka aone maneno ya daktari kwa Kiswahili.

Kifaransa changu wakati ule kilikuwa cha darasani, na Kiingereza changu kilikuwa na nguvu zaidi, kwa hiyo nilikuwa na mazoea mabaya ya kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili kwa kupitia Kiingereza. Nilipofika kwenye mstari wenye maneno "intoxication aiguë" sikusita hata kidogo. Kiingereza kina neno hilo hilo la kwanza, herufi kwa herufi, na kwa Kiingereza nilichokijua mimi maana yake ni hali ya mtu aliyelewa. Ukurasa wa pili ulitaja chakula, nami nikadhani daktari anaeleza alichokula mgonjwa pamoja na kinywaji. Nikaandika: "ulevi wa kupindukia." Nikapiga muhuri wangu.

Mzee alirudi baada ya swala ya adhuhuri. Alisoma taratibu, kidole chake cha shahada kikifuata mstari, na kidole kile kilipofika kwenye neno lile kikasimama.

"Mwanangu," akaniambia, "huyu kijana hajapata kuonja pombe. Nimemlea mimi."

Nikamjibu, "Mzee, ndivyo daktari alivyoandika."

Akanyamaza kidogo. "Na wenzake waliomwona akianguka nao walisema hivyo hivyo. Walisema kalewa. Nikasema tungoje karatasi ya daktari."

Aliiweka karatasi mezani, akaondoka bila kuichukua. Sikulala vizuri usiku ule, na asubuhi nilikwenda kwa jirani yangu, muuguzi aliyesomea Kongo, nikamwonyesha ule mstari. Alinitazama kwa mshangao. "Hiyo iko sumu," akasema, "haiko pombe. Huyu alikula kitu."

Tangu siku ile nimekuwa nikilifuatilia neno hilo kila ninapolikuta, katika kamusi, katika sheria, katika maandishi ya madaktari na katika mazungumzo ya vijana kwenye simu zao. Nimejifunza kwamba kosa langu lilikuwa na historia ya zaidi ya miaka 2,000, na kwamba muuguzi yule, kwa sentensi yake moja, alikuwa karibu zaidi na asili ya neno kuliko kamusi yangu ya Kiingereza.

Asili yake ni upinde. Wagiriki wa kale waliuita upinde "toxon", na wataalamu wengi wa lugha huona kwamba hata wao walilichukua neno hilo kutoka kwa watu wa jamii ya Kiirani, yumkini Waskithia, wapanda farasi wa nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi ambao sifa yao ya kulenga shabaha ilijulikana kila mahali. Athens ya karne ya 5 kabla ya Kristo iliwaweka wapiga upinde wa Kiskithia kulinda utulivu mjini. Kutokana na "toxon" Wagiriki waliunda kivumishi, wakakiunganisha na neno "pharmakon", wakapata "toxikon pharmakon", yaani dawa ya upinde, ile inayopakwa kwenye ncha ya mshale. Mazungumzo hayapendi maneno marefu. Sehemu ya pili ikaangushwa, na "toxikon" peke yake, ambayo kwa sarufi ilimaanisha tu kitu cha upinde, ikabaki ikimaanisha sumu.

Naomba nikae kidogo kwenye hilo neno "pharmakon", kwa sababu kwetu halihitaji maelezo marefu. Kwa Kigiriki lilimaanisha dawa iponyayo na pia kitu kiuacho, na vitabu vya Ulaya huliandikia kurasa nyingi za mshangao. Mswahili hashangai. Neno letu "dawa" hufanya kazi hiyo hiyo kila siku: tuna dawa ya kikohozi na tuna dawa ya panya, tuna dawa ya macho na tuna dawa ya mbu, na mkulima anayebeba bomba mgongoni kwenda kunyunyizia mimea husema anakwenda kupiga dawa. Nimewahi kuliona neno hilo likimponza mtu, maana mtoto anayeambiwa kwamba kilichomo kwenye chupa ni dawa hana sababu ya kukiogopa. Kwa hiyo ninapofasiri vipeperushi vya wakulima nimejiwekea sharti la kuandika "sumu ya kuulia wadudu", hata pale ambapo mteja angependa neno la kawaida la dukani.

Warumi walilichukua neno la Wagiriki wakaliita "toxicum", sumu ya aina yoyote sasa, iwe ya mshale au ya kikombe. Humo ndimo upinde ulimoanza kufifia. Kilatini cha zama za kati kikaongeza kitenzi, "intoxicare", kutia sumu ndani ya mtu, na katika karne ya 15 kitenzi hicho kikaingia Kiingereza kikiwa na maana hiyo hiyo na si nyingine: mtu akiitwa "intoxicate" alikuwa amelishwa au amechomwa sumu. Ilichukua zaidi ya miaka 100, mpaka mwishoni mwa karne ya 16, ndipo Waingereza wakaanza kulitumia neno hilo kwa mtu aliyezidiwa na mvinyo. Mwanzoni yalikuwa maneno ya kupamba, kama mtu anavyosema leo kwamba pombe imemuua fulani. Kisha pambo likazoeleka, likawa ndiyo maana ya kwanza, na ile ya sumu ikasogezwa kando, kwenye vitabu vya waganga.

Jambo linalonistaajabisha ni kwamba neno jingine la Kiingereza lilikuwa limekwisha kutembea njia hiyo hiyo kinyumenyume. Neno lao la kawaida la sumu, "poison", lilitoka kwa Wafaransa wa zamani, ambao nao walilipata kwenye Kilatini "potio", yaani kinywaji tu, kitu cha kunywa. Likawa kinywaji cha mganga, kisha kinywaji cha hila, kisha sumu. Neno la kunywa likaenda kukaa kwenye sumu, na neno la sumu likaja kukaa kwenye kunywa. Yamebadilishana viti, na sijui jozi nyingine ya maneno iliyofanya hivyo kwa ukamilifu namna ile.

Lakini Wafaransa hawakulifuata badiliko la Waingereza. Kwao "intoxication" imebaki kuwa kudhuriwa na sumu: chakula kilichoharibika, moshi wa mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, dawa zilizozidi kipimo. Wahispania wako hivyo hivyo, na Wareno pia, na kwa sababu hiyo daktari wa Pemba ya Msumbiji anayeandika "intoxicação" hazungumzii baa. Hapa ndipo Kiswahili kinapobeba mzigo ambao wasemaji wake wengi hawajauona. Sisi ni lugha moja inayokaa juu ya mipaka ya wakoloni watatu wa lugha. Mswahili wa Nairobi, wa Dar es Salaam na wa Kampala ameelimishwa kwa Kiingereza, Mswahili wa Bukavu, wa Bujumbura na wa Lubumbashi ameelimishwa kwa Kifaransa, na wa Cabo Delgado kwa Kireno. Neno lile lile, lenye herufi zile zile, likivuka Ziwa Tanganyika kwa boti ya mchana, linashuka gatini likiwa na maana nyingine. Bahasha ya kaki ilikuwa imevuka hivyo.

Katika Kiingereza chenyewe maana ya kale haikufa kabisa. Daktari wa Kiingereza bado anaweza kuandika "water intoxication" kwa mtu aliyekunywa maji mengi mno kwa muda mfupi mpaka chumvi ya damu yake ikapungua kiasi cha kuhatarisha ubongo, na hakuna anayefikiri kwamba maji yale yalikuwa bia. Nomino na vivumishi vya ukoo huo pia vilibaki upande wa sumu: "toxic" ilianza kuandikwa kwa Kiingereza katika miaka ya 1660, na elimu ya sumu, toksikolojia, ikapata baba yake Paris kwa kijana wa kisiwa cha Menorca, Mathieu Orfila, aliyeanza kuchapisha kitabu chake kikubwa kuhusu sumu mwaka 1814. Tangu hapo mahakama zilianza kudai kemia badala ya uvumi. Upinde wenyewe ulibaki sehemu moja tu niijuayo, kwa wapenzi wa mchezo wa kulenga shabaha, ambao Kiingereza huwaita "toxophilites", na neno hilo linatokana na jina la kitabu cha Roger Ascham cha mwaka 1545 kuhusu kupiga upinde. Ndani ya neno hilo hamna tone la sumu. Mtu akiyaweka maneno haya mawili kando kwa kando, mpenda upinde na mlevi, ni vigumu kuamini kwamba ni watoto wa mama mmoja.

Nilipofika hapo katika kusoma kwangu nilijiuliza kama lugha zetu nazo zilitunza upinde. Jibu lilikuwa kinywani mwangu siku zote. Neno "sumu" tulilipokea kutoka Kiarabu, na limekaa vizuri. Lakini Wagiriama, ndugu zetu wa Mijikenda, sumu ya mishale huiita "utsungu", na neno hilo si jingine ila ni uchungu wetu huu, uchungu wa dawa ya kienyeji, uchungu wa kuzaa, uchungu wa kufiwa. Ladha inayoumiza ulimi, maumivu ya mwili na sumu ya mshale zimekaa ndani ya neno moja la Kibantu. Mgiriki aliipa sumu jina la chombo kinachoirusha, naye Mbantu wa pwani akaipa jina la jinsi inavyoonja na inavyouma. Nakiri kwamba naona jina letu ni la karibu zaidi na mwili.

Mti unaotoa sumu hiyo, ambao wataalamu wa mimea huuita Acokanthera, hukua katika nchi kavu za Kenya, Tanzania, Somalia na Ethiopia. Wakamba, ambao upinde wao ulisifika, huuita kivai. Wawindaji walichemsha vipande vya mti ule mpaka kukapatikana kitu cheusi kizito kama lami, wakakipaka nyuma ya chembe cha mshale, kisha wakakizungushia ukanda mwembamba wa ngozi. Nimeshika mshale wa namna hiyo, wa zamani sana, uliokuwa umetundikwa ukutani katika nyumba ya rafiki wa baba yangu. Ngozi ilikuwa imekauka na kujikunja kama ganda la kitunguu, na kilichokuwa chini yake kilikuwa na rangi ya kahawia iliyoiva, chenye nyufa. Mwenye nyumba alinizuia nisikiguse, akaniambia kwamba ngozi ile haikuwa pambo: iliilinda sumu isikaushwe na jua, na ilimlinda mwindaji mwenyewe, kwa sababu mshale ni mrefu, podo liko mgongoni, njia ina miiba, na sumu haichagui damu ya kuingia. Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi nao wana zao, mojawapo ikitokana na utomvu wa waridi la jangwani.

Sumu hizi zote ni za ukoo mmoja kwa namna zinavyofanya kazi. Huizuia ile pampu ndogo iliyomo kwenye kila seli ya moyo, inayosukuma sodiamu nje na kuingiza potasiamu, na moyo ukikosa pampu hiyo hupiga kwa nguvu mno, kisha bila mpangilio, kisha husimama. Wazungu waliokuja kutafuta mito walizirudisha kwao kama dawa. John Kirk, daktari katika msafara wa Livingstone huko Zambezi, alikuwa amehifadhi mfukoni sumu ya mishale iliyoitwa kombe, itokayo kwenye mmea wa ukoo wa Strophanthus, pamoja na mswaki wake. Alipopiga mswaki aliona uchungu mkali mdomoni, na akagundua kwamba mapigo ya moyo wake yameshuka. Thomas Fraser wa Edinburgh aliichunguza sumu hiyo, na kufikia miaka ya 1880 ikawa inatolewa kwa wagonjwa wa moyo. Kirk huyo huyo ndiye aliyekuja kuwa balozi wa Uingereza Zanzibar, aliyesimama mbele ya Sayyid Barghash mwaka 1873 wakati soko la watumwa lilipofungwa. Mwaka 1888 Mfaransa Léon-Albert Arnaud akapata fuwele za sumu ya Acokanthera, akaziita ouabaïne, jina lililotoka kwenye neno la Kisomali la sumu ya mishale, "waabaayo". Kwa hiyo katika maduka ya dawa ya Paris lilikaa neno la Kisomali, na uchungu uliomshtua daktari wa Kiskoti ulikuwa ule ule ambao watu wa pwani walikuwa wameutumia kama jina.

Narudi kwenye kulewa, kwa sababu ndiko nilikokosea. Kiswahili kinapomtazama mlevi hakioni sumu. Katika "kulewa" mimi nasikia "lewalewa", kuyumbayumba kama chombo kilichokosa shehena ya kukiweka sawa. Ni neno linaloeleza anachokiona mtu aliyekaa barazani akimtazama anayepita. Kwa hiyo tunalitumia kwa lolote linalomwondoa mtu kwenye msimamo wake: tunasema fulani amelewa madaraka, amelewa sifa, amelewa mahaba. Hata sheria ilifuata njia hiyo. Tanzania ilipotunga sheria yake ya mwaka 1968 kuhusu vinywaji ambavyo Kiingereza kiliviita "intoxicating liquors", Kiswahili kiliita vitu hivyo vileo, vitu vinavyolevya, bila kutaja sumu hata kwa mbali.

Tofauti hii si ya mapambo. Neno la Kigiriki lilikuwa na watu wawili ndani yake: mwenye upinde, na aliyechomwa. Ukisema mtu amepigwa kwa dawa ya upinde, swali linalofuata ni nani aliyevuta upote. Neno la Kiingereza, lilipohamia kwenye mvinyo, lilimpoteza mmoja wao. Aliyelewa hana wa kumshitaki, kwa maana mkono uliobeba kikombe ni wake. Hapo zamani lilikuwa neno la kumtetea mtu, sasa ni neno la kumlaumu, na tulio katikati, wafasiri na makarani na madaktari, tunaweza kumhamisha mtu kutoka upande mmoja kwenda wa pili kwa mpigo mmoja wa kalamu.

Kuna pahali ambapo maana zote mbili ni kweli kwa wakati mmoja, na ni pahali pa msiba. Novemba 2000, katika mtaa wa Mukuru kwa Njenga jijini Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa na wengine wakapofuka baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Mei 2014 msiba wa namna hiyo ukarudi Kenya, Embu, Kiambu na kwingineko, na ukaua makumi ya watu. Methanoli inafanana na kileo cha kawaida kwa rangi na karibu kwa harufu, na mwanzoni hulevya kama kileo. Lakini ini huigeuza kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo hushambulia mshipa wa fahamu wa jicho, ndiyo maana wengi walisimulia kwamba waliamka wakauliza kwa nini taa imezimwa. Matibabu yake hospitalini ni fomepizoli, na isipopatikana hutumika kileo safi chenyewe, kwa kipimo cha daktari, kwa sababu ini hukishughulikia kileo kwanza na kuiacha methanoli itoke mwilini kabla haijageuzwa. Nilisikia watu wakisema juu ya waliokufa kwamba walijitakia. Mimi siwezi kusema hivyo. Watu wale walinunua kileo wakauziwa sumu, na kulikuwa na mtu aliyemimina methanoli kwenye pipa akijua anachokifanya au asijali kujua. Mwenye upinde alikuwapo. Ni neno "walevi", lililoandikwa na kusemwa kila mahali wiki zile, lililomficha.

Siku hizi ukoo huu wa maneno umeingia kwetu kwa mlango mwingine. Mwaka 2018 wachapishaji wa kamusi za Oxford walilichagua "toxic" kuwa neno la mwaka, wakieleza kwamba watu waliolitafuta kwenye tovuti yao waliongezeka kwa asilimia 45. Mwaka huo ulianza na sumu halisi, ile ya neva iliyotumiwa mwezi Machi mjini Salisbury, Uingereza, dhidi ya jasusi wa zamani wa Urusi, Sergei Skripal, na binti yake, lakini neno lilikuwa limekwisha kutanda kwenye kazi, siasa, ndoa na malezi ya wanaume. Vijana wetu wakalipokea kama lilivyo. Nasikia "mapenzi toksiki", "bosi toksiki", "ukoo toksiki", na kwenye kurasa za wauza chai za majani naona "detoksi", ahadi ya kusafisha mwili ambao tayari una ini na figo za kufanya kazi hiyo bila malipo.

Sina ugomvi na neno "toksiki" kama neno. Kiswahili kimepokea maneno ya kila bahari na hakikuzama. Isitoshe, binti aliyekuwa akipigwa na kutukanwa, akipata neno fupi la kulitaja jambo hilo mbele ya shangazi zake, amepata kitu cha thamani. Wasiwasi wangu uko kwingine. Zamani sumu ilikuwa kitu, mkononi mwa mtu, kikielekezwa kwa mtu. Katika matumizi haya mapya mtu mwenyewe ndiye sumu, na sumu haina la kufanywa ila kumwagwa. Kiswahili kilikuwa na namna nyingine ya kuliweka jambo. Tulisema fulani ana fitina, ana inda, ana ulimi mbaya. Tulitaja alichonacho na anachokifanya, ambavyo huweza kukomeshwa. Na tuna methali isemayo "Sumu ya neno ni neno", ambamo sumu, kwa mgeuko ambao ningependa Mgiriki wa kale ausikie, ndiyo inayozimua: neno lililodhuru huondolewa makali na neno jingine. Humo "sumu" imesimama mahali pa tiba, kama "dawa" inavyosimama mahali pa sumu kwenye duka la pembejeo.

Methali hiyo niliifikiria sana asubuhi ile nilipotoka kwa muuguzi. Nilikwenda nyumbani kwa mzee, njia ya kuelekea Ujiji, nikamkuta ameketi chini ya mwembe pamoja na mwanawe. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba kwa sauti ile ile ya siku zote, na hilo liliniumiza zaidi kuliko kama angenikaripia. Nilimwomba kijana anieleze mwenyewe. Akasema kwamba siku ile walinunua unga wa muhogo kwa bei ndogo kuliko kawaida, wakapika ugali, wakala na migebuka, na ulikuwa na uchungu kidogo lakini walikuwa na njaa. Haikupita saa mbili kichwa kikaanza kumzunguka, tumbo likamkata, akatapika, miguu ikakataa kumbeba, akawa anatembea akishika ukuta alioujenga mwenyewe. Wenzake wawili nao waliumwa tumbo, yeye akazidi kwa sababu alikula kingi.

Wakazi wa upande huu wa Afrika wanaujua muhogo mchungu. Ndani yake mna linamarini, ambayo ikivunjika hutoa sianidi, na kazi yote ile ya bibi zetu, kumenya, kuloweka siku kadhaa mpaka ulainike, kuanika kwenye jua kali, kutwanga, ilikuwa kazi ya kuiondoa sumu hiyo. Mwenye haraka ya kuuza akifupisha siku za kuloweka, unga unaonekana mweupe vilevile. Septemba 2017, katika wilaya ya Kasese nchini Uganda, watu 98 waliugua kwa unga wa namna hiyo na wawili wakafa. Mtu aliyedhuriwa na sianidi ya muhogo hupata kizunguzungu, huyumba, hutapika, na anayemtazama kwa mbali atasema kalewa. Mwili hutoa picha moja kwa sababu nyingi. Na kijana yule alikuwa amekuwa akilitaja jina la kilichomdhuru tangu mwanzo, kwa neno letu la kale, aliposema ugali ulikuwa na uchungu.

Niliandika upya pale pale, juu ya goti langu, kisha nikaipiga chapa jioni ofisini: "kudhurika vikali na sumu iliyotokana na chakula." Mzee alikuja kuichukua kesho yake. Aliisoma mara mbili, kidole kikapita juu ya mstari bila kusimama, akaikunja akaitia kwenye bahasha ya kaki. Kisha akaniuliza iko wapi ile ya kwanza. Nikamtolea kutoka kwenye faili. Aliichana mwenyewe, vipande vidogo vidogo, akavikusanya vyote mezani kwa kiganja, hata vile vilivyodondoka sakafuni, akavitia mfukoni mwa kanzu yake, akaondoka navyo.